Kinga ya umeme: namna ya kuichagua na kuiendesha bila kuumiza wengine

Kinga ya umeme ni velo yenye pedali, sawa na ile tunayoijua toka zamani, lakini imeongezewa betri na mota. Katika miji ya milima kama Bukavu na Butembo, mutu anaipenda juu inamusaidia kupanda. Kule Uvira, katika tambarare ya Ruzizi, ao Kisangani kwa watu wa toleka, inaweza kupunguza uchovu wa mutu anayebeba abiria na mizigo siku nzima. Tena haiombi esanse.

Lakini swali la kwanza la mununuzi mara nyingi ni hili: “Inakimbia sana?” Swali hilo halimulindi mutu. Mambo mawili ya kuuliza kwanza ni haya: inasimama namna gani, na betri yake itakuwa wapi wakati jamaa imelala? Hapo njo penye hatari kubwa, kwako na kwa majirani.

Mota isikushinde nguvu

Katika Umoja wa Ulaya, kinga ya umeme inahesabiwa kuwa velo ikiwa mota yake haipiti wati 250, inasaidia tu wakati mutu anapiga pedali, na inakatika ikifika kilomita 25 kwa saa. Kipimo hicho si sheria yetu, lakini kinafaa kwa barabara zetu za mashimo na watu wengi. Chombo kinachofika kilomita 45 kwa kuzungusha mukono tu, hata kama kina pedali, kinapashwa kuendeshwa kama pikipiki: kaske kichwani, na mutu aliyejifunza.

Sheria ya barabara ya inchi yetu, namba 78-022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978, mbele kinga za umeme kuenea. Kwa chombo chenye mbio namna ile, uliza kwanza polisi ya barabara ya muji wako makaratasi gani yanaombwa, usingoje kukamatwa.

Freni mbele ya bei

Kinga ya umeme inapima mara nyingi kilo 20 mpaka 30, kupita velo ya kawaida. Ongeza uzito wako na gunia la unga. Kwenye kilomita 25 kwa saa, unapita metre 7 hivi kila sekunde. Na mutu akitoka kilomita 15 kufika 25 kwa saa, kazi ya freni inaongezeka karibu mara 3. Watu wa chukudu kule Goma wanalijua hilo vizuri: kupandisha muzigo ni jasho, lakini kushuka nao njo hatari.

Chagua kinga yenye freni za diski mbele na nyuma. Freni za mpira zinazokamata jante zinapoteza nguvu wakati wa mvua na matope. Mbele ya kulipa, fanya mambo haya: ipande, shuka nayo mahali penye mutelemuko kidogo, kisha shika freni. Kwa kinga nyingi, ukishika freni mota inakatika palepale. Kama inaendelea kusukuma, iache. Uliza tena fundi wa mutaa wako kama anaweza kupata vipande vyake. Kinga isiyo na fundi, siku freni zinaisha, inabaki kuwa chuma tu nyumbani.

Namna ya kuhesabu betri

Muuzishaji atakuambia: “Inafanya kilomita 60.” Wewe angalia maandiko juu ya betri. Zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 inabeba wati-saa 360. Pahali pa sawasawa, ukipiga pedali vizuri, kilomita moja inakula karibu wati-saa 10, maana yake unaweza kutembea kilomita 36 hivi. Lakini mulimani ni mambo mengine. Kwa uzito wa jumla wa kilo 110 (kinga, mutu na muzigo), kupanda kila metre 100 kwenda juu kunaweza kula wati-saa 40, kama mota inafanya kazi peke yake. Kwa hiyo mutu wa Uvira na mutu wa Bukavu hawatapata kilomita sawa kwa betri moja.

Kuna betri za lithiamu na betri za risasi. Za risasi ni za bei ya chini, lakini ni nzito sana na zinazeeka mbio. Za lithiamu ni nyepesi na zinadumu zaidi, lakini zikiharibika zinaweza kuwaka moto mukali. Ukiweza, chukua betri inayotoka kwenye kinga, juu utaibeba mpaka pahali penye umeme.

Usiku, umeme na moto

Katika miji yetu delestaji ni jambo la kila siku. Umeme unarudi saa sita usiku, mutu anachomeka betri pembeni ya kitanda, kisha analala. Usifanye hivyo hata siku moja. Mwaka wa 2023, katika muji wa New York peke yake, watu 18 walikufa kwa moto ulioletwa na betri za lithiamu, na kule zimamoto wanafika mbio. Kwetu, ambako nyumba nyingi ni za mbao na zinashikana, moto wa betri moja unaweza kula sehemu kubwa ya avenue.

Kuchaji betri kama hiyo kwa chaja ya ampea 2 kunaomba karibu saa 5. Kwa hiyo panga kuchaji wakati mutu yuko macho. Iweke juu ya sementi ao mawe, mbali na nguo, godoro na mafuta, na hata siku moja usiiweke mulangoni: ikiwaka, mutatokea wapi? Tumia chaja yake tu. Chaja ya betri ya volti 36 inaandikwa mara nyingi 42. Ya betri ya volti 48 inaandikwa 54 na kitu. Ukizichanganya, unatafuta moto. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache mbele ya kuchomeka tena. Betri ikiwa na joto kisha kupanda mulima, iache ipoe kwanza.

Betri iliyovimba, inayonuka ao inayotoa sauti, usiichaji tena. Ikianza kutoa moshi, toa watu wote nje, ita majirani, na usirudi ndani kutafuta vitu. Moshi wake ni sumu.

Barabarani, hawakusikii

Motari anasikika toka mbali. Kinga ya umeme haisikiki. Fikiria mama anayebeba muzigo mugongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, macho yanaangalia chini. Hawezi kugeuka mbio, na akishituka anaweza kuingia mbele yako. Yeye hana kosa. Ni wewe unayepashwa kupiga kengele mapema, kupunguza mbio na kumuachia nafasi. Vilevile mbele ya masomo na katika soko: zima mota, piga pedali, ao shuka na kusukuma.

Tembea mukono wa kuume. Vaa kaske. Usiku taa iwake mbele na nyuma. Usimupakie mutoto mbele, na usipite uzito ulioandikwa na wenye kutengeneza chombo. Kisha mvua, pima freni mbele ya kushuka mulima. Usioshe kinga kwa maji ya nguvu, wala kuizamisha ziwani.

Kama kinga za umeme zinaongezeka katika mutaa, vizuri wenye nazo wakae na chefu wa avenue na kupatana: kuchaji kutafanyika wapi, mbio gani karibu na masomo, na nani atalipia matunzo mutu akigongwa. Mapatano ya mbele yanaepusha magomvi ya kisha.

Betri ikizeeka, usiifungue nyumbani, usiichome, usiitupe ziwani ao katika muto Ruzizi. Tunajua tayari namna takataka za plastiki zinavyoziba mitambo ya barrage ya Ruzizi na kutukatia umeme. Iweke pahali pakavu, mbali na watoto, na umurudishie muuzishaji. Muulize mbele ya kununua kama ataipokea. Akikataa, tafuta mwingine.