Kennedy: Safari ya Jina kutoka Ayalandi hadi Pwani

Katika kata ya Janga, wilayani Kibaha, na kwa majirani zao wa Kisarawe, jina la mtu mara nyingi hubeba habari za siku alizozaliwa. Juma na Mwajuma ni watoto wa Ijumaa. Tabu na Shida walizaliwa nyumba ikiwa na mitihani. Kondo ni jina la wakati wa vita. Kwa desturi kama hiyo, Kennedy si jina la ajabu hata kidogo, maana nalo linabeba habari za wakati wake.

Asili yake ni Ayalandi. Karne ya 10 aliishi huko mtawala aliyeitwa Cennétig mac Lorcáin, kiongozi wa watu wa Dál gCais, aliyefariki mwaka 951. Mwanawe, Brian Boru, ndiye mfalme mashuhuri kuliko wote wa nchi hiyo, aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Sehemu ya kwanza ya jina Cennétig ni kichwa, na hapo hakuna ubishi. Sehemu ya pili ndiyo inayowagawa wataalamu: wengi husema ni ubaya wa sura, wengine husema ni chapeo ya vitani. Wajukuu waliweka mbele neno Ó, yaani mzao wa fulani, na jina la mtu mmoja likawa la ukoo mzima: Ó Cinnéide, ambalo kwa maandishi ya Kiingereza ni Kennedy.

Mwaka 1848, wakati wa njaa kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi, Patrick Kennedy aliondoka Dunganstown, jimbo la Wexford, akaenda Boston. Kitukuu wake, John Fitzgerald Kennedy, aliapishwa kuwa Rais wa Marekani Januari 1961.

Afrika Mashariki ilikwisha kumjua kabla hajaapishwa. Julai 1960 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alimfuata kuomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi kwenda vyuo vya Marekani, na taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Julai 1961 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa ameacha kufundisha Pugu, jirani kabisa na Kisarawe, mwaka 1955 ili aitumikie chama cha TANU, alipokewa Ikulu ya Washington. Mwaka huohuo Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea vijana wa kujitolea wa Peace Corps, mpango ulioanzishwa na Kennedy. Nyerere alirudi Washington Julai 1963. Novemba 22 mwaka huo, Kennedy aliuawa Dallas, akiwa na miaka 46.

Wazazi waliowapa watoto jina hilo hawakuwa na haja ya kujua habari za Cennétig wala chapeo yake. Walimtaja kiongozi kijana aliyeshirikiana na nchi zao zilipokuwa zinapata uhuru. Kwa Wakatoliki palikuwa na kikwazo: sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anabatizwa kwa jina la Kikristo. Hapo John Kennedy lilifaa kwa yote mawili, kwa kuwa Yohane ni mtakatifu.

Leo jina limezoeleka, na wengine huliandika Kenedy. Profesa Kennedy Gastorn aliwahi kuwa balozi wa Tanzania Umoja wa Mataifa. Kennedy Juma amecheza beki Simba. Kennedy Musonda wa Zambia alikuwa mshambuliaji wa Yanga iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, Kennedy ni jina la wasichana zaidi.

Kwetu jina hilo lina njia yake. Mtoto wa Kennedy huandikwa kwa jina lake, kisha la baba. Mjukuu humweka babu mwishoni. Kitukuu hana tena nafasi ya kuliandika, isipokuwa apewe yeye mwenyewe. Kwa hiyo mwenye baba au babu aitwaye Kennedy amwulize sasa ni nani aliyemchagulia jina hilo na kwa nini, kisha aandike jibu. Waliokuwa watu wazima mwaka 1963 wamebaki wachache.