Ziwa Kabla ya Sangara

Kamati ya tamasha la vitabu hapa Mwanza ilikaa vikao vitatu kupanga jioni ya waandishi wa mazingira wa Kanda ya Ziwa. Katika vyote vitatu nilitaja jina lilelile, nikajibiwa jibu lilelile: "Mwalimu, Kitereza aliandika habari za ndoa."

Sikuwalaumu sana. Kitabu kinachoitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, nani atakitafuta kwenye rafu ya mazingira? Na ni kweli, kinaanza na mume na mke wasiojaliwa mtoto. Wakwe wanamrudisha binti yao nyumbani, mume anamfuata kumwomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Lakini Kitereza hakuambii tu kwamba pombe ilipikwa ikapelekwa. Anakukalisha pale mpaka uone kazi yake. Mganga akija, dawa zake ni miti na majani, si miujiza. Mimi nimezaliwa Ukerewe, na kuna mimea niliyoikanyaga utotoni bila kuijua mpaka nilipomsoma.

Aniceti Kitereza alizaliwa huko Ukerewe mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya, akaja kuishi Kagunguli. Aliona mambo ya wazee yanaondoka na wazee wenyewe, na kwa kutiwa moyo na Padri Almas Simard, akaandika. Mswada aliumaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hapo ndipo shida ilipoanza. Nani angechapa kitabu kinene namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja? Mswada ulikaa. Uzeeni, huku baridi yabisi ikimtesa, aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Mwaka 1981 alifariki, nakala zikiwa hazijamfikia.

Miaka 35, basi, kutoka mswada hadi kitabu. Watu wa fasihi huisimulia kama huzuni ya mtu mmoja. Mimi huitazama kutoka ziwani.

Wakati mswada ukisubiri, sangara alipandikizwa Ziwa Victoria, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hesabu ilionekana nzuri: furu ni wadogo na wana miiba, basi aletwe samaki mkubwa awale, nasi tumle yeye. Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Kisha, miaka ya 1980, akafurika, na furu wa mamia ya aina wakaanza kukosekana kwenye nyavu. Watafiti kutoka Leiden walikuwa hapa kwenye Ghuba ya Mwanza, wakiwachunguza samaki waliokuwa wakitoweka mbele ya macho yao. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu juu ya hayo. Huyo alikuwa kwenye orodha ya kamati tangu kikao cha kwanza, na alistahili.

Sisemi sangara ni balaa tupu. Nyumba nyingi za mtaani kwangu zimejengwa kwa minofu na mabondo yake. Nasema tu kwamba Kitereza alipoweka kalamu chini, ziwa la Ukerewe lilikuwa halijui sangara, na wasomaji wa kwanza walipokipata kitabu, ziwa lile lilikuwa linaondoka. Ndiyo sababu niling'ang'ania. Kikao cha nne walinipa dakika ishirini, nadhani ili ninyamaze.

Jioni yenyewe sikuanza na kitabu. Niliwaomba wanafunzi waliokaa mbele wanitajie samaki wa ziwa letu. Sangara, sato, dagaa. Mmoja akaongeza kamongo, wenzake wakacheka. Basi.

Nyuma akasimama mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amemsindikiza mjukuu wake. Kumbe alichuuza samaki mwaloni Kirumba tangu ujana wake. "Ningu mmemwacha," akasema. "Na gogogo. Na domodomo." Akaendelea kwa furu, si kwa jina moja bali kwa rangi zao na msimu wao, yupi alikaangwa na yupi alikaushwa, mpaka mshereheshaji akaanza kutazama saa. Nilimwachia dakika zangu zilizobaki.

Baadaye alikuja mezani. Nilikuwa na nakala yangu moja, jalada limebanduka. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipandisha na kuishusha kidogo kama mtu anayekadiria kilo, kisha akauliza kinauzwa bei gani.

Nikamtazama kijana wa kamati aliyekuwa akiuza vitabu. Alikipekua kisanduku chake, ingawa sote wawili tulijua hakimo.