Lango la Karura

Siku hizi ukimtajia kijana wa Nairobi Karura, anafikiria baiskeli, pikiniki na maporomoko ya maji. Shosho yangu akilisikia jina hilo hushika kifua. Enzi zake, Karura ilikuwa pahali pa majambazi. Ndiyo maana nilipomwalika twende tukatembee humo Jumapili moja, alinikazia macho: "Wewe! Kwani nimekukosea nini?"

Msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000 ulitangazwa rasmi kuwa wa serikali mwaka wa 1932. Lakini karatasi hailindi mti. Katika miaka ya tisini vipande vyake viligawiwa wakubwa kimyakimya, eti wajenge majumba. Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walifika langoni wakiwa na miche. Genge la walinzi likawavamia, naye akapasuliwa kichwa. Majuma machache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu wakamiminika barabarani. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Wengi huimaliza hadithi hapo, wakapiga makofi. Mimi naona hapo ndipo kazi ilipoanza. Msitu uliponea chupuchupu, sawa, lakini nani angethubutu kuingia? Majambazi walikuwa bado wamo, na wakata miti pia. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyowaruhusu wananchi wanaoishi karibu na msitu kuunda chama na kuusimamia pamoja na serikali. Karura ikapata chama chake, ua wa umeme, askari wa doria, vijia vyenye alama, na kiingilio. Watu wakaanza kuja, kwanza wachache, kisha kwa mamia.

Basi tulipofika langoni, nikatoa pesa. Shosho akanishika mkono. "Yule mama alipigwa ili sisi tulipe?"

Sikuwa na jibu. Tulitembea polepole hadi mtoni. Tukapishana na msichana anayekimbia peke yake, bila hata kugeuka nyuma. Shosho akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. "Huyu haogopi," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Nikamweleza kwamba pesa za langoni ndizo zinazosaidia kumlipa askari anayemfanya yule msichana asiogope. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kupiga hesabu kwa vidole: nauli ya matatu ya watu sita, kwenda na kurudi, pamoja na kiingilio cha watu sita. "Hiyo ni unga wa wiki nzima."

Wote wawili tulikuwa na haki. Mali ya umma isiyo na msimamizi huishia mikononi mwa mwizi. Tuliyaona hayo kwa macho. Lakini ua unaomzuia mnyakuzi waweza pia kumzuia mtoto wa mama mboga, na huyo hana gazeti la kumlilia. Kwa hivyo kila bei ya langoni inapopangwa, hesabu ya Shosho iwekwe mezani pamoja na ile ya mshahara wa askari. Wangari hakupasuliwa kichwa kwa ajili ya miti tu. Ilikuwa pia kuhusu nani anayeitwa umma.

Tukiwa njiani kurudi, Shosho aliniuliza: "Na Jumapili ijayo, tukibeba chai yetu wenyewe, itakuwa ngapi?"