Kutoka Malindi hadi Shela: Safari ya Mchana Mmoja Wakati wa Kusi

Historia ya ubaharia wa pwani ya Waswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata safari ndefu za pepo za msimu, yaani kaskazi, uvumao takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Uhindi, na kusi, uvumao kuanzia Aprili hadi Septemba na kuvirudisha makwao. Safari hizo zina fahari yake, lakini miji ya pwani iliishi kwa safari fupi za mchana mmoja, ambapo nahodha alitweka tanga alfajiri kwa umande, yaani upepo mwanana utokao bara, akinuia kutia nanga penye hifadhi kabla jua halijatua. Kipande cha bahari kati ya Malindi na Lamu kinalionyesha jambo hilo waziwazi kuliko kingine chochote katika Kenya.

Chombo kilichotoka Malindi kilipita mlango wa mto Sabaki na rasi ya Ngomeni, kisha kikaikabili Ghuba ya Ungwana, ambamo mto Tana humwaga tope lake karibu na Kipini na kuyafanya maji kuwa ya kina kifupi hadi mbali na ufuo. Penye maji machache wimbi la kusi huinuka na kuvunjika, na kwa kuwa upepo huo husukuma kuelekea nchi kavu, nahodha aliyesogea karibu mno alihatarisha kila kitu, maana chombo kilichojaa shehena hakikuweza kubisha, yaani kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, kwa wepesi wa kutosha kujiokoa. Upepo ulipotoka tezi, yaani nyuma, hatari ilibadilika tu sura: jahazi hubeba tanga lake kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inizwa mlingotini, na mshika usukani alipokosea kidogo tanga liliruka upande wa pili kwa kishindo kilichoweza kuivunja foromali hiyo. Wakati huohuo mabaharia walikuwa ndani ya ngama, sehemu ya chini kabisa ambako maji hukusanyika, wakifua maji kwa zamu mchana kutwa. Mtepe, chombo cha kale cha visiwa vya Lamu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi na tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka, ulivuja kuliko jahazi, ila ubavu wake ulinepa pamoja na wimbi, sifa ambayo haijathaminiwa vya kutosha na wale wanaouona kuwa chombo duni.

Mwisho wa safari ndio uliodai maarifa makubwa zaidi. Mlango wa Lamu upo kati ya Shela, kwenye kisiwa cha Lamu, na Ras Kitau, kwenye kisiwa cha Manda, na maji yanapokupwa mkondo hutoka kwa nguvu na kukutana na kusi uso kwa uso, hata mawimbi yakasimama wima juu ya mafungu ya mchanga. Kwa hiyo nahodha alipaswa kupiga hesabu ya maji tangu Malindi, ili afike yakiwa yanajaa, kwani aliyechelewa alilazimika kukaa nje gizani akingoja. Aliyeingia kwa wakati aliyakuta maji yametulia ghafla nyuma ya visiwa, na Lamu ikawa mbele yake.

Malindi haikuwa na hifadhi ya namna hiyo, kwa kuwa ghuba yake iko wazi, na hilo ni miongoni mwa mambo yanayosaidia kueleza kwa nini Wareno, waliopokewa vizuri huko tangu 1498, walihamia Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, biashara ya bara ilielekezwa kwenye kina cha bandari ya Kilindini, Mombasa, nayo Lamu ikabaki na boriti za mikoko, samaki na majahazi yake. 

Utulivu uleule wa maji ya nyuma ya visiwa ulichangia Ghuba ya Manda ichaguliwe kuwa mahali pa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Hapo ndipo penye uzito wa suala hili leo, kwa sababu wavuvi wa mashua ndogo hawawezi kuvuka kwenda bahari kuu wakati wa kusi, na maji ya ndani yalikuwa ndiyo riziki yao ya msimu huo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi huo.