Njia Ndefu Iliyo Nyepesi

Huenda umepata kuwaona wachukuzi wakipakia pipa la mafuta katika lori. Pipa lina kilo 180 hivi, na sakafu ya lori iko juu mita 1. Hawalinyanyui. Huegemeza mbao mbili zenye urefu wa mita 4, kisha hulisukuma likabingirika mpaka juu. Nguvu waitoayo ni kama robo ya uzito wake, kilo 45 hivi, tukiacha mkwaruzo mdogo wa pipa na ubao. Lakini zile robo tatu hawakupewa bure: badala ya kwenda mita 1, wamekwenda mita 4. Kazi ni ile ile, ila imegawanywa kwa kadiri ya miili yao.

Jambo hili Waislamu wa zamani walilijua sana, hata wakalitia katika minara ya misikiti. Tazama Samarra, nchini Iraki. Huko, katika karne ya 9, khalifa al-Mutawakkil alijenga msikiti ambao mnara wake, al-Malwiya, una kimo cha mita 52 hivi. Njia yake haiko ndani. Imeuzunguka mnara kwa nje mara 5, kama nyoka aliyejizonga mtini. Tena ina ajabu moja. Kila mzunguko hupanda kimo sawa na ule wa chini yake, na kwa kuwa mnara waenda ukipungua unene, mizunguko ya juu ni mifupi zaidi. Basi mpandaji huikuta njia imezidi ukali pale pale alipokwisha choka. Mimi ningependa iwe kinyume chake!

Wajenzi wa al-Muwahhidun huko Andalusi walikuwa na huruma zaidi. Mnara wa msikiti mkuu wa Sevilla ulianzwa mwaka 1184 ukamalizika 1198. Ndani mna miteremko 35 izungukayo pembe kwa pembe, yenye upana wa kutosha mnyama kupanda na mtu juu yake. Yasemwa ni kwa ajili ya muadhini, asifike juu pumzi zimemwisha na wakati wa kuadhini umeingia. Mwaka 1248 mji ulichukuliwa na Wakristo, msikiti ukageuzwa kanisa, na baadaye mnara ukatiwa kengele. Miteremko imebakia, na mpaka leo wageni huipanda, wazee kwa watoto.

Sasa na tujitazame wenyewe. Mtaani kwetu yuko mzee aliyekuwa hakosi safu ya kwanza. Tangu miguu kumlegea huswali nyumbani, kwa sababu ya vidato 3 vya mlango wa msikiti. Siku za Ijumaa vijana humbeba pamoja na kiti chake, naye amekwisha waambia waache, kwani aona haya kuchukuliwa kama gunia.

Vidato hivyo vina kimo cha sentimita 54. Kwa kipimo cha 1 kwa 12, wakifuatacho wajenzi wengi, vyataka mteremko wa mita 6 na nusu. Nimekwenda kupima kwa kamba. Baraza iliyo mkono wa kulia wa mlango ina mita 8.