Vuta N'kuvute: safari ya Yasmin kutoka kitabuni hadi kwenye filamu

Mwanafunzi wa Kiswahili wa kidato cha tano hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, humjua Yasmin kabla hajaiona Unguja. Humkuta kwenye Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999 na kusomeshwa kwa miaka mingi shuleni.

Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyempita mno kwa umri. Anapomkimbia, ndugu zake wenyewe wanamfungia mlango. Kwao yeye ndiye msaliti. Mimi nasema aliyesalitiwa ni yeye, tena siku ile ya ndoa. Anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, maskini asiye na undugu naye wowote, na huko anakutana na Denge, kijana anayewindwa na polisi wa Mwingereza kwa kudai uhuru. Kisasi cha Yasmin hakina kisu wala sumu: anawalipa waliomuuza kwa kuishi atakavyo.

Shafi aliijua ladha ya neno msaliti. Baada ya Rais Abeid Karume kuuawa mwaka 1972, naye alitiwa gerezani, na mwaka 2003 akatoa riwaya aliyoiita Haini.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza Vuta N'kuvute kuwa filamu, ikazinduliwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Ikhlas Gafur Vora ndiye Yasmin, Gudrun Columbus Mwanyika ni Denge, na Mwajuma akachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, mara ya pili tu kwa nchi yetu, baada ya filamu ya Maangamizi.

Dakika 92 haziwezi kubeba kitabu kizima. Utani wa Shafi, majungu ya mitaani na zile safari za Mombasa ni mambo ya kusoma. Lakini vichochoro vya Mji Mkongwe na Kiswahili cha Kiunguja kinachotoka mdomoni mwa mwenyewe, hivyo ukurasa hauwezi kumpa mtoto wa Kiluguru ambaye hajawahi kuvuka bahari.

Walimu wa Bigwa, wanafunzi wenu wakishamaliza sura ya mwisho, watafutieni filamu hii waitazame pamoja darasani.