Safu ya Lugha: Kuchemsha

Maji huchemka, mpishi huchemsha. Mbona basi dereva wa gari la Arua kwenda Koboko, nchini Uganda, husema gari lake “linachemsha”? Kwa sababu kiambishi cha kutendesha kimekaa mahali pake: injini ndiyo jiko, maji ya rejeta ndiyo yanayochemshwa.

Fundi hodari huanza na swali: linachemsha wapi? Likichemsha likiwa limesimama sokoni injini ikiunguruma, tazama feni na mkanda wake. Likichemsha kwenye mwinuko likiwa na mzigo, na mjini halina neno, shuku rejeta iliyozibwa na kutu na chokaa. Magari mengi yamenyweshwa maji ya mtoni, nayo huacha uchafu huo. Injini ikiwa moto huku mpira wa juu wa rejeta ukiwa baridi, thamostati imekwama. Asubuhi, kabla injini haijapata moto, fungua kifuniko uwashe: mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopenya gasketi iliyoungua.

Kifuniko chenyewe kisidharauliwe. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko kizima hubana mvuke na kupandisha kiwango hicho. Kikilegea, maji huchemka mapema.

Neno hili lina maana nyingine pia: Dar es Salaam aliyeboronga kazi huambiwa “amechemsha”. Fundi anayekuambia ununue rejeta mpya kabla hajauliza lolote, naye kachemsha.